Skii Inayofuata Mifereji na Mbele Kunakojikunja: Kirekebishwe Nini Kwanza Kwenye Pikipiki ya Theluji?

Swali la msomaji, kwa kufupishwa: "Nimefunga seti ya mkanda wa inchi 129, ile inayoweka skii moja mahali pa gurudumu la mbele na mkanda wenye meno mahali pa la nyuma, kwenye pikipiki ya motokrosi yenye injini ya sisi 450. Kwenye njia iliyoshindiliwa, skii inafuata kila mfereji ulioachwa na mashine zilizotangulia, hadi mikono inachoka. Kwenye theluji laini yenye kina, nikikata kona, mbele kunajikunja ghafla. Nikipanda mlima skii inaelea hewani, na nikipita kwenye ubavu wa mlima inateleza kuelekea bondeni. Nimeshauriwa ninunue skii pana zaidi, niongeze kidhibiti cha usukani (kifaa kinachozuia usukani usigeuke kwa ghafla), nipandishe shokapu za mbele kwenye vishikio vyake, na nikate meno ya pembeni ya mkanda. Nianze na lipi?"

Ndugu msomaji, kati ya hayo manne hakuna hata moja ambalo ningeligusa kabla ya kufanya kazi mbili zisizohitaji kununua chochote cha maana. Ya kwanza ni kujua ni sehemu gani ya skii inayobeba uzito, na ya pili ni kujua uzito unaoifikia skii hiyo ni kiasi gani. Malalamiko yako yanaonekana kama magonjwa manne, lakini mawili ya mwanzo yanatokana na mahali skii inapogusa theluji, na mawili ya mwisho yanatokana na namna mzigo ulivyogawanywa kati ya skii na mkanda. Mpangilio wa kazi si jambo la hiari, kwa sababu dawa ya hayo mawili ya mwisho ni kuongeza uzito mbele, na ukiuongeza juu ya skii ambayo bado inagusa theluji mahali pabaya, kufuata mifereji na kujikunja kutazidi. Wengi huanzia huku mwisho, kisha huilaumu seti nzima.

Pikipiki yako ilipokuwa na gurudumu la mbele, uthabiti wake ulitokana na mambo mawili. La kwanza ni mzunguko wa gurudumu lenyewe, ambao hupinga kugeuzwa kwa ghafla. Hilo limeondoka pamoja na gurudumu na hakuna marekebisho yatakayolirudisha. La pili ni umbali uliopo kati ya nukta mbili za ardhini: ile ambayo mhimili wa usukani ungeigusa kama ungerefushwa hadi chini, na ile ambayo tairi linaigusa, nyuma kidogo ya ya kwanza. Umbali huo, ambao hapa nitauita ufuatio, ndio unaolifanya gurudumu lirudi lenyewe kwenye mstari ulionyooka, kama vile gurudumu dogo la kitoroli linavyojigeuza na kufuata nyuma ya mguu wake kitoroli kinaposukumwa. Kwenye pikipiki ya motokrosi yenye mwinamo wa usukani (pembe ambayo mhimili wa usukani umelala kutoka wima) wa nyuzi 27, gurudumu la inchi 21, na ekseli iliyo mbele ya mhimili wa usukani kwa jumla ya milimita 57 hivi, ufuatio hufika takriban milimita 112.

Tairi hugusa ardhi chini ya ekseli wakati wote, kwa hiyo hesabu hiyo haibadiliki sana. Skii haiko hivyo. Ina urefu unaozidi mita moja, imeshikwa kwa bolti moja inayoiruhusu kuinua na kuinamisha pua yake, na kitovu cha mgandamizo wake, yaani mahali ambapo uzito unaishia hasa, kinaweza kusogea mbele au nyuma kufuatana na ugumu wa theluji na pembe ya pua. Chukua mfano huo huo wa juu. Kitovu kikisogea mbele kwa milimita 50 tu, ufuatio unashuka kutoka milimita 112 hadi 62, yaani karibu nusu ya uthabiti wa usukani imepotea bila wewe kugusa spana. Kwa upande mwingine, kubadilisha mwinamo wa usukani kwa nyuzi moja nzima huongeza au kupunguza ufuatio kwa milimita 7 hivi, na ili kupata nyuzi hiyo moja kwenye pikipiki ambayo ncha zake za kugusa ardhi zimeachana kwa mita moja na nusu, ni lazima uinue au ushushe upande mmoja kwa zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Hapo ndipo ushauri wa kupandisha shokapu za mbele kwenye vishikio unapokosa nguvu. Milimita 5 za kupandisha ni takriban sehemu ya tano ya nyuzi moja, na kwa ufuatio ni milimita moja na nusu hivi. Kwenye udongo mkavu mwendeshaji mzoefu huweza kuhisi tofauti hiyo. Kwenye theluji, ambako kitovu cha mgandamizo kinahama kwa sentimita kadhaa kila uso wa njia unapobadilika, tofauti hiyo humezwa.

Sasa tazama malalamiko yako mawili ya mwanzo kwa macho hayo. Kwenye njia ngumu, skii haisimami juu ya uso wake wote wa plastiki bali juu ya ufito wa chuma wenye makali ya kabaidi, metali ngumu sana, uliofungwa chini ya ulimi wake, yaani ule mgongo uliojitokeza chini ya skii kwa urefu. Ikiwa pua imesukumwa chini, ncha ya mbele ya ufito ndiyo inayokata, na ncha hiyo ikikutana na ukingo wa mfereji inavutwa upande kabla sehemu ya nyuma haijapata nafasi ya kuinyoosha. Kwenye theluji laini mambo ni yale yale, ila kwa ukubwa zaidi: theluji ambayo haijashindiliwa hukandamizwa na sehemu ya mbele ya skii, na sehemu ya nyuma hupita mahali palipokwisha kubanwa, hivyo kitovu huhamia mbele chenyewe. Ukigeuza usukani, ubavu wa pua unapokea msukumo wa theluji. Kitovu kikivuka mbele ya mhimili wa usukani, msukumo huo hauinyooshi tena skii bali unazidi kuigeuza. Huko ndiko kujikunja unakokuhisi, na ndiyo sababu kunakuja ghafla: hadi nukta fulani usukani unajirudi, na ukivuka nukta hiyo unajiendesha.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha hakuna ulegevu. Inua mbele mpaka skii ining'inie, shika pua yake kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine, kisha isukume kushoto na kulia huku mtu mwingine ameshika usukani. Kama skii inacheza wakati usukani umetulia, bushi za bolti yake au mguu unaoishika zimechakaa, na hakuna marekebisho yatakayodumu juu ya bushi za namna hiyo. Kagua pia beringi za shingo ya usukani, kwa maana seti nyingi hufungwa kwenye pikipiki zilizokwisha kutumika misimu kadhaa udongoni na mtu huwa hakumbuki kuzifungua.

Baada ya hapo, safisha ufito wa chini ya skii, ukaushe, na uupulizie rangi kwa urefu wake wote. Rangi ikikauka, endesha kwa mwendo wa kawaida kwenye njia iliyoshindiliwa na iliyonyooka, mita mia mbili au tatu zinatosha, kisha laza pikipiki ubavu na usome. Rangi iliyokwanguka ncha ya mbele na kubaki nzima katikati na nyuma inakuambia wazi kwamba pua ndiyo iliyobeba. Unachokitaka ni ufito uliokwanguka kuanzia chini ya bolti ya skii na kuelekea nyuma kidogo, huku ncha zote mbili zikiwa bado na rangi yake. Kipimo hiki ni cha bei ya kopo la rangi, na kwa maoni yangu kinafaa kuliko maelezo mengi ya wauzaji wa vipuri.

Kinachoamua pua ikae juu au chini ni kipande cha mpira kilichopachikwa kati ya mguu wa skii na skii yenyewe, kuizunguka bolti. Sehemu ya mpira iliyo mbele ya bolti husukuma pua chini. Iliyo nyuma ya bolti husukuma mkia chini na hivyo kuinua pua. Mpira ukizeeka hubonyea bila usawa, na hata mpya kutoka kiwandani hauji ukiwa na pembe inayofaa kila urefu wa shokapu na kila uzito wa mwendeshaji. Fungua bolti, toa mpira, na uangalie alama za mgandamizo juu yake: upande unaong'aa au uliobonyea ndio unaofanya kazi. Ili kuurudisha mgandamizo nyuma, weka kipande chembamba cha mpira mgumu, unene wa milimita 3 kwa kuanzia, kati ya mpira wa asili na skii, nyuma ya bolti. Kipande cha mkanda wa kusafirishia mizigo au cha tairi kuukuu kinafaa, ilimradi kikatwe kwa upana wa mpira wa asili na kizuiwe kisichomoke, kwa mfano kwa kukitoboa na kukifunga kwa kamba ngumu ya plastiki. Rudisha bolti kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha seti, puliza rangi upya, na urudie safari ile ile.

Usizidishe. Mkia ukibeba mno, usukani unakuwa mzito, na skii inachelewa kuingia kwenye kona kisha inateleza mbele kwa ukaidi badala ya kukata. Ukiona hivyo, umepita kiasi, punguza unene. Dalili njema ni kwamba unaweza kulegeza mikono kwenye njia yenye mifereji na ukahisi skii ikitikisika bila kuondoka kwenye mstari. Ikiwa rangi inasoma vizuri lakini mifereji bado inaivuta, basi tatizo ni ufito wenyewe: ama makali yake ya kabaidi yamepangwa mbele mno, ama ni marefu kupita haja ya njia unazopita. Fito hubadilishwa kwa nati chache, na ufito wenye makali mafupi yaliyosogezwa nyuma ni badiliko dogo la bei ndogo ukilinganisha na skii mpya.

Hapo ndipo twende kwenye uzito, na hapa nakuomba upime badala ya kukisia. Tafuta mizani ya kawaida ya kupimia watu, yenye uwezo wa kutosha. Iweke chini ya skii, moja kwa moja chini ya bolti, na uweke mbao chini ya mkanda hadi mkanda wote ufikie kimo kile kile cha mizani, ili pikipiki isisimame kwa kuinama. Vaa nguo na mkoba unaouendeshea, simama juu ya vikanyagio kwa mkao wako wa kawaida, mtu akushikie pikipiki isianguke bila kuibeba, na mwingine asome namba. Andika namba hiyo. Haina maana kuilinganisha na ya pikipiki ya mwenzako, ambaye ana uzito tofauti na mkao tofauti; maana yake ni kwamba kila utakachokirekebisha kuanzia sasa kitakuwa na ushahidi wake wa kilo, na ukipotea njia utajua pa kurudi.

Seti nyingi zina njia tatu za kuhamisha uzito. Ya kwanza, yenye nguvu kuliko zote, ni fimbo inayokaa mahali palipokuwa na shokapu ya nyuma ya pikipiki. Fimbo hiyo ndiyo inayoamua pembe kati ya fremu ya pikipiki na mwili wa mkanda. Kwa mpangilio wa kawaida, ikirefushwa, mwili wa mkanda husukumwa kuelekea chini ukilinganisha na fremu, na kwa kuwa mkanda umelala juu ya theluji, kinachotokea ni kwamba fremu inainama mbele na skii inabeba zaidi. Ikifupishwa, skii inapata nafuu na kiti kinashuka nyuma. Lakini viungo vya seti havifanani, kwa hiyo zungusha fimbo nusu mzunguko tu, rudi kwenye mizani, na uamini mizani kuliko maelezo yangu. Baadhi ya seti zimewekewa shokapu halisi mahali pa fimbo hiyo. Hapo urefu unaoutafuta ni ule wa shokapu ikiwa imekaliwa na wewe, si ule wa ikiwa imeachwa wazi, na shinikizo lake huwa sehemu ya hesabu.

Njia ya pili ni kamba ya kikomo, ule ukanda mfupi wenye matundu unaozuia sehemu ya mbele ya reli za mkanda, yaani zile fito ndefu ambazo mkanda huteleza juu yake, isishuke kupita kiasi. Ukiifupisha kwa tundu moja, sehemu ya mbele ya mkanda huinuka, na uzito uliokuwa ukisimamia hapo hulazimika kwenda kwenye skii. Tofauti yake na fimbo ni kwamba kamba hufanya kazi zaidi unapovuta mafuta. Fimbo inabadilisha mkao wa pikipiki ikiwa imetulia, ilhali kamba inaamua skii iinuke kiasi gani pale nguvu ya injini inapojaribu kuikalisha pikipiki juu ya mkia wake. Kwa malalamiko yako ya kupanda mlima, kamba ndiyo ningeianza. Ifupishwe tundu moja, kisha ujaribu kwenye mwinuko ule ule na kwa gia ile ile. Ikifupishwa mno, mkanda unaanza kuchimba, pikipiki inakataa kupanda juu ya theluji laini inapoondoka, na unapoteza ule wepesi wa mbele unaohitajika kuvuka gogo au ukingo.

Ya tatu ni mbano wa awali, yaani jinsi springi ilivyokazwa kabla ya kubeba mzigo, wa shokapu ya mbele iliyo ndani ya mkanda. Ukiikaza, sehemu hiyo ya mkanda inabeba zaidi na skii inabeba kidogo. Ukiilegeza, kinyume chake. Mimi huitumia kwa marekebisho madogo tu, kwa sababu kazi yake halisi ni kupokea mishtuko, na springi iliyolegezwa ili kuongeza uzito wa skii hugonga mwisho wake kwenye kila tuta. Springi ya shokapu ya nyuma ya mkanda nayo ina usemi wake: ikiwa laini mno, pikipiki inakaa chini unapovuta mafuta na skii inaelea hata kama kamba imefupishwa ipasavyo. Kagua hilo kwanza ikiwa wewe ni mzito kuliko mwendeshaji wa wastani ambaye kiwanda kilimfikiria, au ikiwa unabeba mafuta ya akiba na vifaa nyuma.

Kuhusu kuteleza kwenye ubavu wa mlima, angalia kwanza ni upande gani unaoondoka kabla ya mwingine. Ulivyoeleza, ni skii inayotangulia kushuka bondeni huku mkanda ukishikilia. Hiyo ni ishara kwamba mbele hakuna uzito wa kutosha, au kwamba ulimi wa chini ya skii na ufito wake umelika, na dawa yake ni ile ya fimbo na kamba, ikifuatiwa na ufito mpya. Ingekuwa mkia wa mkanda ndio unaotangulia, ungehitaji kinyume: kurefusha kamba au kufupisha fimbo ili mkanda urudishiwe mzigo wake. Nalisema hili kwa sababu katika mazungumzo watu huziita hali zote mbili "kuteleza", wakapeana ushauri ambao kwa mmoja ni tiba na kwa mwingine ni sumu.

Ukisharekebisha fimbo, kuna ukaguzi ambao haupaswi kurukwa. Bonyeza shokapu za mbele hadi mwisho wake, kwa kamba za kufungia mizigo ikibidi, na uhakikishe pua ya skii na mguu wake havigusi rejeta wala kava la mbele. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili ukiwa katika hali hiyo. Kisha inua pikipiki mkanda uning'inie, na utazame bomba la breki na mnyororo: bomba lisivutike, na mnyororo usiguse kitu.

Shokapu za mbele zinastahili maneno yake zenyewe, maana zimebadilishiwa kazi bila kuulizwa. Tairi lenye upepo lilikuwa linameza mitikisiko midogo kabla haijafika kwenye shokapu. Skii haimezi chochote, inaipitisha yote. Wakati huo huo, oili iliyo ndani yake huwa nzito kwenye baridi, na shokapu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri majira ya joto inakuwa ngumu kushuka na mvivu kurudi. Shokapu isiyorudi haraka huiacha skii ikibaki juu baada ya kila tuta, na hapo unaweza kudhani kwamba mbele ni kwepesi kumbe ni oili. Kwa hiyo springi ngumu zaidi kwa daraja moja na oili nyepesi zaidi ni badiliko la busara, na fungua virekebishi vya kushuka na kurudi kwa mibofyo michache ukiwa tayari nje kwenye baridi, si ndani ya gereji yenye joto.

Ikiwa shokapu zako zinatumia upepo badala ya springi za chuma, tahadhari hiyo inakuwa na namba zake. Upepo uliofungiwa hupoteza shinikizo joto linaposhuka. Kutoka nyuzi 20 za gereji hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, shinikizo kamili hupungua kwa takriban asilimia 14, na shokapu iliyojazwa hadi ba 10 (ba ni kipimo cha shinikizo) kwa geji itasoma karibu ba 8 na nusu huko mlimani. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko ile ambayo watu hubishana juu yake wanaporekebisha. Iache pikipiki nje kwa muda mrefu, kisha ndipo upime na ujaze. Funika pia nguzo za shokapu kwa soksi za mpira au za kitambaa, kwa sababu barafu inayoganda juu yake hukata sili, na oili inayovuja hubadilisha kila ulichokirekebisha.

Mkanda wenyewe usiusahau, ingawa hauna mengi. Ukiwa umelegea, huruka meno ya kisukumizi chake, lile gurudumu la meno linalouzungusha, unapovuta mafuta kwa nguvu, na unayumbisha mkia kwenye kona. Ukikazwa mno, unakula nguvu ya injini na kumaliza beringi. Fuata kipimo cha kitabu cha seti yako, na hakikisha umekaa katikati ya reli pande zote. Kwenye njia ngumu isiyo na theluji ya kurushwa, reli za plastiki huungua kwa msuguano na mkanda huanza kung'ang'ania. Vikwaruzi vinavyorusha theluji kwenye reli hutatua hilo. Injini nayo ihifadhiwe joto lake kwa thamostati na kifuniko cha rejeta, kwani injini baridi inayosita katikati ya kona huhamisha uzito mbele na nyuma bila ridhaa yako, na hakuna fimbo itakayolitibu hilo.

Sasa nirudi kwenye mashauri yaliyobaki. Skii pana zaidi itaelea vizuri kwenye theluji laini, ni kweli, na kama baada ya yote haya mbele bado kunazama, ni ununuzi wa haki. Ila fahamu gharama yake: skii pana ina mkono mrefu zaidi wa kukugeuzia usukani inapogonga upande mmoja, inahitaji nguvu zaidi kuilaza, na kwenye njia iliyoshindiliwa haina faida yoyote. Pia inakuja na mpira wake na ufito wake, kwa hiyo kazi ya rangi na vipande vya mpira inaanza upya. Kidhibiti cha usukani kina nafasi yake kwa anayekwenda kasi kwenye vichaka na magogo, mahali ambapo pigo moja linaweza kumpokonya usukani. Kwa skii inayofuata mifereji kwa sababu ya pua kubanwa chini, kitazima malalamiko ya mikono yako na kuuacha ugonjwa palepale, na kitakunyima taarifa ambayo usukani ulikuwa unakupa.

Jambo moja hukuliuliza, nalo ni mkao wako. Mkanda unasukuma ukiwa nyuma sana ya vikanyagio, na mwendeshaji aliyezoea udongo hukaa nyuma kuliko inavyofaa. Kusogeza usukani mbele kwa tundu moja la vishikio vyake, na kuuinua kidogo ili uweze kusimama bila kuinama, kunaweza kuongeza kilo kadhaa kwenye mizani uliyoiweka chini ya skii, bila kugusa seti. Lijaribu kwenye mizani kabla ya kukata shauri.

Kuhusu kukata meno ya mkanda, ninaelewa kwa nini unavutwa nalo. Meno ya seti hizi, yanayofikia takriban milimita 64 kwa kimo kwenye mikanda mingi ya theluji ya kina, hufanya ukingo mgumu pembeni, na kwenye njia iliyoshindiliwa pikipiki hukataa kulala taratibu: inasimama wima, kisha inaanguka juu ya ukingo huo kwa mkupuo. Kupunguza pembe za nje za meno hulainisha mpito huo, na anayekimbia kwenye njia ngumu tupu ana sababu ya kulifanya. Lakini wewe unapanda milima na kupita kwenye mbavu zake, na pembe hizo za nje ndizo hasa zinazokushikilia usiporomoke. Kilichokatwa hakirudi, dhamana ya mkanda huenda nacho, na mkanda uliokatwa bila usawa hutikisika kwa kasi. Ukitaka kujua kama lingekufaa, subiri mkanda huu uchakae, ununue mwingine, kisha ukate ule wa zamani na uutumie siku za njia ngumu. Kwa sasa kisu kikae, na kazi yako ya kwanza iwe kopo la rangi na kipande cha mpira cha milimita 3.